Mwerevu wa Masikio, Mgeni wa Herufi: Safari ya Kumpima na Kumsaidia Mtoto Mwenye Disleksia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kiwalani imekwisha kuamka. Daladala zinapakia abiria Bombom, ndege inapita juu ya mapaa ya bati kuelekea Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na watoto waliovaa sare wanaruka mitaro kwenda shule. Katika chumba kimoja cha kupanga, mtoto wa darasa la tatu amejikunja kitandani. Tumbo linamuuma. Humuuma kila Jumatatu, na hupoa lenyewe Ijumaa jioni. Mama yake, muuza maandazi na chai, amekwisha kumpeleka zahanati mara mbili. Alipewa dawa ya minyoo, akaimeza, na Jumatatu iliyofuata tumbo likauma tena.

Mtoto huyu hana jina katika makala haya kwa sababu si mtoto mmoja. Ni mfano uliochorwa kutokana na dalili ambazo walimu na watoa huduma za afya hukutana nazo, mara nyingi bila kuzitambua. Akitumwa dukani kununua vitu vitano, huvikumbuka vyote bila kuandikiwa na hurudisha chenji kamili. Akisikiliza mechi redioni, huisimulia kwa wenzake bao kwa bao. Lakini akifunguliwa kitabu, jicho husimama kwenye silabi ya kwanza, kidole hutetemeka, na neno ambalo jana alilisoma kwa shida leo limekuwa geni kabisa.

Mama alipoitwa shuleni, mazungumzo yalikuwa mafupi.

“Habari za kazi, Mwalimu.”

“Nzuri, Mama. Karibu. Nimekuita kwa sababu ya mwanao. Nikimuuliza kwa mdomo, anawapita wenzake. Nikimpa kitabu, anakuwa kama mtu mwingine. Nadhani ni uvivu. Mkazanie nyumbani.”

“Mwalimu, huyu si mvivu. Usiku anakaa na daftari mpaka anasinzia juu yake.”

Wote wawili walikuwa wameona jambo la kweli. Mwalimu aliona pengo kati ya mdomo na kitabu, na mama aliona jitihada isiyozaa matunda. Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja, ndiyo mwanzo wa kushuku disleksia. Kinachotakiwa ni mtu wa kuyaweka pamoja, na mara nyingi mtu huyo ni mtoa huduma za afya aliyeletewa tumbo la Jumatatu.

Disleksia ni nini, na si nini

Disleksia ni ugumu mahususi na wa kudumu wa kujifunza kusoma na kuandika tahajia, kwa mtoto ambaye ameona vizuri, amesikia vizuri, amefundishwa vya kutosha, na ambaye akili yake kwa mambo mengine haina upungufu unaoweza kueleza ugumu huo. Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, unauweka ugumu huu katika kundi la matatizo ya ujifunzaji yanayotokana na ukuaji wa ubongo. Makadirio hutofautiana kwa kadiri ya kipimo kinachotumika, lakini kiwango kinachotajwa mara nyingi duniani ni kati ya watoto 5 na 10 katika kila 100.

Si jambo jipya. Mwaka 1896 daktari wa Uingereza, William Pringle Morgan, alichapisha katika jarida la madaktari wa nchi yake habari za mvulana wa miaka 14 aliyemwita Percy. Kijana huyo alikuwa mwepesi wa hesabu na michezo, lakini aliandika hata jina lake mwenyewe kwa kupindua herufi. Mwalimu wake alieleza kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, kijana huyo angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Zaidi ya karne moja imepita, na mwalimu wa Kiwalani anasema maneno hayo hayo bila kujua kwamba yalikwisha kusemwa.

Kiini cha tatizo, kwa watoto walio wengi, hakiko machoni. Kiko katika namna ubongo unavyotenganisha sauti za lugha na kuzifunga haraka kwenye herufi. Aghalabu hali hii hurithiwa, na si ajabu baba, shangazi au mjomba kuwa na historia ya “kukataa shule” kwa sababu iyo hiyo. Disleksia haitokani na uchawi, uvivu, malezi mabaya wala ulaji wa chakula fulani. Haina sindano, kidonge wala dawa ya maji ya “kuongeza akili”. Miwani ya rangi inayouzwa kama tiba yake haina ushahidi wa kutosha wa kuiunga mkono. Kiboko hakiitibu pia. Humwongezea mtoto woga, na woga hula ile nguvu ndogo ya umakini aliyobaki nayo kwa ajili ya kusoma.

Kwa nini Kiswahili huificha

Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Silabi “ba” ni “ba” popote ilipo. Kwa sababu hiyo wapo wanaodhani kwamba disleksia ni maradhi ya Waingereza, ambao lugha yao huandika sauti moja kwa njia nyingi. Utafiti unaonyesha vinginevyo. Mwaka 2001 timu iliyoongozwa na Eraldo Paulesu ilichunguza ubongo wa watu wazima wenye disleksia waliozungumza Kiingereza, Kifaransa na Kiitaliano. Waitaliano, ambao maandishi yao ni ya kawaida kama ya Kiswahili, walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wengine, lakini sehemu ile ile ya upande wa kushoto wa ubongo ilifanya kazi kwa udhaifu kwa wote. Chanzo kilikuwa kimoja, ila lugha iliyo rahisi kuandika ilificha ukubwa wa tatizo.

Hivyo basi, anayemtafuta mtoto mwenye disleksia katika darasa la Kiswahili asitafute makosa mengi tu. Atafute kasi. Mtoto huyu anaweza kufika mwisho wa sentensi bila kosa kubwa, lakini amechukua muda mara tatu au nne ya wenzake, na alipofika mwisho amesahau mwanzo. Wengine hukariri ukurasa mzima baada ya kumsikia jirani akiusoma. Darasa linapoimba silabi kwa pamoja, sauti yake husikika vizuri. Akisimamishwa peke yake mbele ya ukurasa asiowahi kuuona, ndipo ukweli hudhihirika. Katika darasa lenye watoto wengi, anaweza kupita darasa la kwanza na la pili bila yeyote kumsikia akisoma peke yake.

Kiswahili kina mitego yake pia. Neno moja hubeba vipande vingi vidogo, na kila kipande kina maana. Mtoto anayekisia kwa kuangalia mwanzo na mwisho wa neno husoma “Mwalimu alimpiga” mahali palipoandikwa “Mwalimu hakumpiga”, na habari nzima ikageuka. Sauti zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja humsumbua zaidi: “nyumba” inakuwa “nyuba”, “shangazi” inakuwa “shagazi”, “ng’ombe” inakuwa “ngobe”. Mwaka 2003 Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha uchunguzi wa makosa ya tahajia ya watoto wanaojifunza Kiswahili, wakaonyesha kwamba kuandika lugha yenye tahajia ya kawaida si kazi nyepesi kama inavyodhaniwa.

Hata hivyo si kila kosa ni dalili. Mtoto anayeandika “kura” badala ya “kula” huenda anafuata matamshi ya nyumbani kwao, na Kiwalani ni mji wa watu waliotoka mikoa mingi. Kupindua “b” na “d” ni kawaida kwa watoto wengi wanaoanza shule. Dalili yenye uzito ni ugumu unaodumu baada ya wenzake kuuvuka, na unaobaki hata baada ya kupewa msaada wa makusudi kwa muda usiopungua miezi sita.

Hatua ya kwanza: zahanati na kituo cha afya

Mzazi wa Kiwalani hahitaji kuanzia kwa bingwa. Kazi ya kwanza inaweza kufanywa na tabibu au muuguzi wa karibu, na kazi hiyo ni kuondoa sababu nyingine na kukusanya historia.

Macho hupimwa kwanza, kila jicho peke yake, kwa mbali na kwa karibu. Mtoto asiyejua herufi vizuri apimwe kwa chati ya alama ya “E” inayogeuzwa pande nne, la sivyo ataonekana kipofu ilhali hajui kusoma tu. Kisha masikio: je, yalikuwa yakitoa usaha? Nta imeziba? Mtoto huongeza sauti ya redio au huomba kurudiwa maneno? Usikivu uliopungua katika miaka ya mwanzo huweza kumkosesha mtoto sauti ndogo ndogo za lugha.

Yapo maradhi ambayo katika nchi hii hayafai kusahauliwa. Malaria kali iliyofika kwenye ubongo huweza kuacha athari katika kumbukumbu, lugha na umakini. Ugonjwa wa selimundu huweza kusababisha kiharusi, na mara nyingine majeraha madogo ya ubongo yasiyoonekana kwa nje, kwa mtoto anayeonekana mzima. Kifafa cha aina ya kuduwaa, ambacho mtoto hukata macho kwa sekunde chache bila kuanguka, huchukuliwa darasani kuwa ni kuota ndoto za mchana. Upungufu wa damu na njaa huleta uchovu. Mtoto aliyekuwa akisoma vizuri kisha akapoteza uwezo huo hana disleksia. Huyo apewe rufaa haraka, kwa kuwa disleksia huwapo tangu mwanzo na haizuki ghafla.

Historia huchukuliwa kwa maswali mepesi. Alianza kusema lini? Alichelewa kujua majina ya herufi? Katika ukoo yupo aliyepata shida hii? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä nchini Finland, ambao tangu miaka ya 1990 wamewafuatilia watoto tangu kuzaliwa katika familia zenye historia ya disleksia, wameonyesha kwamba ugumu wa kujifunza majina ya herufi kabla ya kuanza shule ni mojawapo ya ishara za mapema zenye kuaminika. Swali hilo halihitaji mashine, na jibu lake mzazi analo.

Swali la mwisho aulizwe mtoto mwenyewe, kwa upole, bila hadhira: “Ukisoma, kinachokuwa kigumu ni nini?” Wapo watakaolia. Maumivu ya tumbo, kukojoa kitandani upya, hasira na utoro huweza kuwa njia ya mtoto ya kujibu swali ambalo hakuwahi kuulizwa.

Kupima kwa lugha ya mtoto

Upimaji wa disleksia ni mkusanyiko wa majaribio madogo yanayojibu maswali matatu: mtoto anasoma kwa kiwango gani, ni ujuzi upi ulio dhaifu, na ujuzi upi ulio imara. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayotumika kuithibitisha.

Jambo la kuzingatia ni kwamba majaribio yaliyotengenezwa kwa watoto wa London au Chicago, na kutafsiriwa neno kwa neno, humhukumu mtoto kwa mizani isiyo yake. Kwa Kiswahili msingi upo. Mwaka 2000 Alcock na wenzake, wakiwamo Watanzania, walichapisha namna walivyotengeneza majaribio ya kusoma kwa ajili ya watoto wa Tanzania, wakizingatia ukawaida wa tahajia ya lugha hii. Mtaalamu aliyefunzwa huweza kufuata njia hiyo hiyo.

Kwanza, mtoto husoma orodha ya maneno ya kawaida kwa dakika moja, na maneno aliyoyasoma sawasawa huhesabiwa. Kisha hulinganishwa na watoto wa darasa lake hilo hilo, si na vitabu vya ng’ambo. Pili, husoma maneno yasiyo na maana, kama “deku”, “mbelo” au “sabofi”. Neno ambalo halijawahi kuwapo haliwezi kukaririwa, na hapo ndipo aliyekuwa akijificha nyuma ya kumbukumbu huonekana. Tatu, hupimwa anavyocheza na sauti: “Sema mahindi. Sasa sema bila ma.” Mchezo wa kinyume, ambao watoto wa Waswahili wameucheza vizazi na vizazi kwa kugeuza “meza” kuwa “zame” na “kitabu” kuwa “bukita”, ni dirisha zuri la ujuzi huu. Nne, huonyeshwa safu za picha za vitu anavyovijua na kutakiwa avitaje kwa haraka. Tano, husikiliza hadithi na kujibu maswali. Mtoto anayefahamu vema hadithi aliyosomewa, lakini hafahamu hadithi ya kiwango hicho hicho aliyoisoma mwenyewe, ametoa ushahidi mkubwa kwamba tatizo liko kwenye maandishi.

Uwezo wa akili kwa ujumla huchunguzwa pia, kwa majaribio yasiyotegemea kusoma. Hatua hii hulinda haki ya mtoto. Bila hiyo, mwenye disleksia huweza kupelekwa katika kitengo cha wenye ulemavu wa akili, mahali ambapo atafundishwa mambo asiyoyahitaji na kukosa yale anayoyahitaji. Kinyume chake huwezekana pia: mtoto mwenye ulemavu wa akili huweza kupachikwa jina la disleksia kwa kuwa linasikika vizuri zaidi, akakosa msaada mpana unaomfaa.

Kutoka Kiwalani, njia ya kawaida ya rufaa hupitia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana, na pale inapolazimu, Hospitali ya Taifa Muhimbili, mahali penye huduma za afya ya akili na wanasaikolojia tiba. Njia ya pili, inayosahauliwa, ni ya elimu: mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata, kisha ofisa wa elimu maalumu katika Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Walimu waliofunzwa elimu maalumu, wakiwamo wahitimu wa Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, wanaweza kufanya sehemu kubwa ya uchunguzi huu. Nchini Kenya, vituo vya elimu vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa mwaka 1984, ili mzazi awe na mlango mmoja wa kubisha. Mzazi wa Dar es Salaam hubisha milango miwili, na ni vema abishe yote kwa wakati mmoja.

Barua yenye maana

Kiungo kati ya milango hiyo miwili ni barua. Cheti kinachosema tu “mtoto ana shida ya shule” hakimsaidii mwalimu. Barua njema ya mtoa huduma za afya kwa mwalimu mkuu inaweza kuwa na aya tatu. Ya kwanza ieleze kilichopimwa na kukutwa salama: macho, masikio, afya kwa jumla. Ya pili ieleze kinachoshukiwa, kwa maneno mepesi, na iseme wazi kwamba mtoto hafanyi makusudi. Ya tatu iombe mambo mahususi: akae mbele, asisimamishwe kusoma mbele ya darasa bila kuandaliwa, asomewe maswali ya mitihani ya ndani, apewe muda wa nyongeza, na asipewe adhabu kwa makosa ya tahajia.

Maombi haya si fadhila. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa na haki ya elimu na makuzi, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka wanafunzi wenye ulemavu wasome katika shule za kawaida kwa msaada unaowastahili. Kwa mitihani ya taifa, utaratibu wa muda wa nyongeza kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu upo, lakini hauji wenyewe. Shule inapaswa kuwasilisha taarifa mapema, na taarifa huhitaji karatasi. Mtoto aliyeanza kupimwa mwezi mmoja kabla ya mtihani amechelewa. Aliyeanza darasa la pili au la tatu ana muda wa kutosha kabla ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne.

Nakala ya barua ibaki kwa mzazi. Walimu huhamishwa na wahudumu hubadilishana zamu, na faili la mtoto lililo salama nyumbani, ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati, huweza kuwa kumbukumbu pekee ya safari yake yote.

Msaada usingoje karatasi

Miadi ya hospitali huweza kuchukua miezi, na miezi hiyo kwa mtoto wa miaka tisa ni sehemu kubwa ya maisha. Kwa bahati njema, mafundisho yanayomfaa mwenye disleksia hayamdhuru asiye nayo. Hivyo msaada huanza siku ile ya kushuku, na matokeo yake yenyewe huwa sehemu ya upimaji: mtoto aliyekuwa amekosa tu mafundisho hupanda haraka, na mwenye disleksia hupanda polepole.

Mafundisho hayo yana kanuni chache. Huwa ya hatua kwa hatua, kutoka sauti moja hadi silabi, kutoka silabi hadi neno. Hutumia jicho, sikio, mdomo na mkono kwa pamoja. Hurudiwa kila siku kwa muda mfupi: dakika 15 au 20 zenye utulivu hushinda saa mbili za Jumamosi. Twisheni ya jioni inayorudia kwa kasi ile ile mambo yaliyomshinda mchana humchosha bure.

Vifaa havihitaji fedha nyingi. Vizibo vya soda vikiandikwa silabi kwa kalamu ya wino mzito hupangwa kuwa maneno na kupanguliwa. Mchanga uliotandazwa kwenye sinia hupokea herufi zinazochorwa kwa kidole huku sauti yake ikitamkwa. Maneno marefu hukatwa vipande kwa penseli: ha-wa-ku-tu-so-me-sha. Sauti ngumu kama “mb”, “nd”, “ny” na “ng’” hufundishwa moja moja, si zote kwa wiki moja. Kaka au dada aliye darasa la juu huweza kusoma naye sentensi kwa pamoja, kisha mtoto akairudia peke yake. Akikwama, aambiwe neno baada ya kusubiri kidogo, na kisomo kiendelee. Kusoma si kesi ya kumbana shahidi.

Jioni, asomewe hadithi zilizo juu ya uwezo wake wa kusoma, ili msamiati na maarifa yake visidumae kwa kungoja herufi. Kipaji chake nacho kilindwe. Mtoto anayechora, anayetengeneza gari la waya au anayejua hesabu za duka asinyang’anywe mambo hayo kama adhabu ya kutosoma, kwa kuwa hapo ndipo anapokumbuka kwamba yeye si mjinga.

Shuleni, mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kumfundisha kila mtoto peke yake. Anaweza lakini kumweka mbele, kumwoanisha na mwenzake mpole, kumuuliza kwa mdomo, na kusahihisha hoja yake kando na tahajia yake. Mambo haya yanagharimu nia zaidi ya fedha.

Ukuta wa pili

Ipo sababu ya kitanzania ya kutochelewa. Katika shule za msingi za serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili. Akifika sekondari, lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza, lugha ambayo herufi zake hazitii kanuni moja. Aliyevuka shule ya msingi kwa kukariri na kukisia hukutana hapo na ukuta mrefu kuliko wa kwanza, akiwa na umri wa kubalehe, umri ambao aibu huuma kuliko njaa. Wengi huacha shule, na hesabu za serikali huwaandika kuwa watoro.

Msingi imara wa sauti na silabi katika Kiswahili haumwondolei mtoto disleksia, lakini humpa ujuzi anaoweza kuuhamishia katika lugha ya pili. Kila mwezi wa msaada uliotolewa darasa la tatu hupunguza urefu wa ukuta wa kidato cha kwanza. Msomaji mwenye disleksia aliyesaidiwa huenda akabaki mpole wa kasi maisha yake yote, lakini atasoma: barua, mkataba, maelezo ya dawa, jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

Mtoto wa Kiwalani aliyetangulia kuelezwa anahitaji mambo matatu kutoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe. La kwanza ni kupimwa macho na masikio, kazi ya nusu saa. La pili ni barua ya ukurasa mmoja. La tatu ni sentensi moja, asemewe yeye mwenyewe, mama yake akisikia: “Mwanangu, wewe huna ujinga. Ubongo wako unasoma kwa njia ndefu zaidi, na tutakufundisha njia hiyo.”

Baada ya hapo zitafuata Jumatatu nyingi za kazi ngumu. Lakini muuguzi atakayemwona akirudi zahanati aulize kwanza habari za kitabu, kisha za tumbo.